Kumpa Mwenzio Mji: Maana ya Kukubali Kushindwa

Wahenga wetu walituachia usemi usemao, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Usemi huu tumeusikia mara nyingi mno, skulini, viwanjani na mikutanoni, hata wengi wetu tumekuwa tukiutamka bila ya kuupima. Aghalabu huambiwa yule aliyeshindwa, ili anyamaze na ampishe mwenzake. Lakini tukiutazama vyema, tutaona kwamba wahenga hawakusema tu kuwa kushindwa kuvumiliwe. Walisema jambo zito zaidi, nalo ni kwamba mtu asiyeweza kukubali hakuwa mshindani tangu mwanzo, hata kama aliingia uwanjani na kutoka jasho. Kwa nini iwe hivyo? Je, kukubali kushindwa ni unyonge unaosamehewa, au ni sehemu ya ushindani wenyewe? Na je, kila anayeshindwa anapaswa kukubali? Hayo ndiyo maswali tunayokusudia kuyachungua katika insha hii.

Maswali hayo yalitujia tulipokuwa Bwejuu, kijiji kilichoko pwani ya mashariki ya Unguja. Ilikuwa alasiri, maji yamekupwa, na kina mama walikuwa wakirudi kutoka kwenye mashamba yao ya mwani. Vijana wawili walikuwa wakishindana mieleka juu ya mchanga mbele ya baraza tuliyokalia. Walivutana, wakazungushana, kisha mmoja akaanguka chini, na mwenzake akaukamata mkono wake na kuupinda. Yule aliyekuwa chini alijitutumua mara mbili, halafu akakipiga kiganja chake mchangani, pa, pa, pa. Hapo hapo mwenzake alimwachia, akampa mkono, akamwinua. Wakacheka, wakaanza tena.

Mzee mmoja aliyekuwa akisokota kamba ya makumbi kando yetu alitikisa kichwa. "Zamani," alisema, "sisi tulikuwa tukisema 'basi'. Siku hizi wanapiga mchanga kama waliowaona kwenye televisheni. Lakini neno ni lile lile." Tukamuuliza, "Na asiyesema basi?" Akajibu, "Huyo mkono wake huvunjika. Na aliyeambiwa basi asiachie, huyo hachezi tena na mtu." Katika maneno hayo machache tuliona ya kuwa mzee alikwisha kutupa nusu ya jawabu letu. Nusu iliyobaki imetubidi tuitafute.

Tuanze na maneno yenyewe, kwani lugha ni ghala ya fikra za watu. Neno "kushindwa" limo katika kauli ya kutendwa. Mtu hushindwa apende asipende, kama vile mtu anavyonyeshewa na mvua. "Kukubali" ni kitendo, nacho hakitendwi ila na mwenyewe. Basi tusemapo "kukubali kushindwa" tunaunganisha mambo mawili yasiyofanana: tukio lililomjia mtu bila ya hiari yake, na uamuzi anaoufanya kwa hiari juu ya tukio hilo. Mwenye nguvu aweza kutushinda, lakini hawezi kukubali kwa niaba yetu.

Lugha yetu, kwa kuwa yajua tofauti hiyo, ina maneno mengi ya jambo hili, na kila neno lina mahali pake. Mtoto anayechapwa hulia, "Nimekoma!" Neno hilo hutolewa na maumivu, na mara nyingi halidumu zaidi ya maumivu yenyewe. Watu wawili waliogombana kwa muda mrefu, wakachoka, mmoja wao husema, "Basi, yaishe." Huyo hasemi kwamba amekosa wala kwamba mwenzake amepata. Asemalo ni kuwa amani ina thamani kuliko hesabu. Askari aliyezingirwa husalimu amri, na neno hilo "salimu" lina asili moja na "salama" na "salamu", kana kwamba lugha inatukumbusha kuwa atoaye silaha yake anatafuta kubaki hai. Katika mazungumzo ya mtaani, mtu aliyezidiwa kwa hoja au kwa mzaha husema, "Nimenyoosha mikono." Na vijana wa leo wana neno lao ambalo baadhi ya watu wazima hulidharau, nao husema, "Nakukubali." Hilo wamelifanya neno la sifa. Kijana akimwona mwenzake anapiga mpira vizuri au anaghani vizuri, humwambia, "Nakukubali," maana yake, natambua kuwa katika jambo hili umenipita. Sisi hatuoni sababu ya kulidharau. Kukiri ubora wa mwingine bila ya kulazimishwa na mtu ni katika mambo bora ambayo ulimi wa binadamu waweza kuyatamka.

Sasa tutazame michezo ya kupigana, kwani humo jambo hili huonekana wazi. Mwaka 1882 mwalimu wa Kijapani aitwaye Kano Jigoro aliunda mchezo wa judo kutokana na mbinu za kale za kupigana bila ya silaha. Mchezo huo umefika pande zote za dunia, na hapa Unguja pia wako vijana wanaoufundishwa. Miongoni mwa mambo ya awali anayojifunza mwanafunzi wa judo ni namna ya kuanguka bila ya kuumia, na namna ya kukubali. Akikabwa au mkono wake ukipindwa, hupiga kiganja mara mbili au zaidi juu ya mkeka au juu ya mwili wa mwenzake, au hutamka neno la Kijapani "maitta", yaani "nimeshindwa". Mtu asiyejua huona ajabu kwamba mchezo wa kushinda huanza kwa kufundisha kuanguka. Lakini bila ya ishara hiyo mchezo usingewezekana. Nani angekubali kukabwa koo na mwenzake kila jioni, kama asingekuwa na hakika kwamba akigusa mkeka ataachiwa? Ishara ya kukubali ndiyo inayowawezesha watu kupigana kwa nguvu zao zote na bado wakarudi nyumbani wakiwa marafiki.

Hapa ndipo tunapouelewa usemi wa wahenga. Asiyekubali kushindwa si mshindani, kwa sababu amekivunja kitu kinachotenganisha mashindano na vita. Na mzee wa Bwejuu aliongeza upande wa pili wa usemi huo: mshindi asiyeachia naye si mshindani. Anayepiga mchanga huweka amana. Hukabidhi mkono wake, au koo lake, katika uaminifu wa mtu ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa adui yake. Mshindi akiipokea amana hiyo na kuirudisha, wote wawili wamekuwa waungwana. Akiendelea kupinda, ushindi wake wote umegeuka kuwa uonevu.

Mchezo wa ngumi unatufunza jambo jingine. Novemba 25, 1980, katika mji wa New Orleans, bingwa Roberto Durán wa Panama aliugeuza mgongo katikati ya raundi ya nane na kukataa kuendelea kupigana na Sugar Ray Leonard, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemshinda miezi michache kabla. Dunia ilimcheka kwa miaka mingi. Miaka mitano kabla ya hapo, Oktoba 1, 1975, katika pambano la Manila, Joe Frazier alipigana na Muhammad Ali kwa raundi 14 mpaka macho yake yakakaribia kuziba kabisa. Alitaka kuingia raundi ya 15, lakini mwalimu wake, Eddie Futch, alimzuia na kulisimamisha pambano. Frazier hakuchekwa, bali aliheshimiwa, na aliishi hadi 2011.

Kwa nini dunia ilimcheka mmoja na kumheshimu mwingine, ilhali wote wawili hawakumaliza? Yawezekana ni kwa sababu watazamaji hupenda kuona mtu akiumia hadi mwisho, na humsamehe tu pale mwingine anaposema "basi" kwa niaba yake. Kama ndivyo, basi kosa liko kwetu sisi watazamaji. Novemba 13, 1982, mpiganaji kijana wa Korea ya Kusini, Kim Duk-koo, alipigana Las Vegas mpaka raundi ya 14 bila ya kukubali wala kusimamishwa mapema, na siku chache baadaye alifariki dunia. Baada ya msiba huo ndipo Baraza la Ngumi la Dunia lilipopunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12. Durán aliyechekwa aliishi, akarudi ulingoni, na akatwaa tena ubingwa wa dunia mwaka 1983 na mwaka 1989. Atakayesema kuwa Durán alipoteza kila kitu usiku ule, na atazame tena hesabu yake.

Lakini msomaji anaweza kutupinga, na hoja yake ni nzito. Atasema, "Mnawafundisha vijana wetu kukata tamaa. Taifa halijengwi na watu wanaopiga mchanga kila wakibanwa." Atatukumbusha John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwezi Oktoba 1968, akaanguka na kuumia goti, na hata hivyo akaendelea, huku akiwa amefungwa bendeji, hadi akaingia uwanjani usiku, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Sisi tunamheshimu Akhwari kama anavyoheshimiwa na kila Mtanzania. Lakini tukimtazama vizuri tutaona kwamba yeye si mfano wa mtu aliyekataa kushindwa. Alijua kuwa mshindi alikwisha kufika zaidi ya saa nzima kabla yake. Alikwisha kuukubali ukweli huo barabarani, peke yake, gizani. Alilolikataa ni kuliacha jukumu alilopewa. Basi kushindwa ni jambo moja na kuacha wajibu ni jambo jingine, na anayeyachanganya mawili hayo atawafundisha vijana ama woga ama ukaidi.

Tofauti hiyo ina uzito zaidi tutokapo katika michezo na kuingia katika historia. Agosti 27, 1896, manowari za Waingereza ziliishambulia kwa mizinga kasri ya Unguja kwa sababu Khalid bin Barghash alikikalia kiti cha usultani bila ya ridhaa yao. Mashambulizi yalianza saa tatu asubuhi na hayakudumu hata saa moja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, bendera ya kasri ikashushwa, na watu wapatao 500 waliokuwa upande wa kasri walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Je, waliobaki wakasalimu amri walitenda aibu? La hasha. Mizinga haina hoja, na mtu aliyezidiwa na mizinga hakushindwa katika mashindano, kwa sababu hapakuwa na sharia iliyowafunga wote wawili. Alichokitoa ni silaha. Haki hakuitoa, wala hakuwa na uwezo wa kuitoa, maana haikuwa yake peke yake. Hali kadhalika wazee wetu wa Bara waliopigana vita vya Maji Maji kuanzia 1905 hadi 1907 walizidiwa kwa bunduki na kwa njaa, wakainamisha vichwa. Lakini hawakukubali kwamba mtawala alikuwa na haki juu yao, na wajukuu wao wakaidai haki hiyo kwa njia nyingine mpaka wakaipata.

Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba kukubali kushindwa ni uungwana pale yanapokutana mambo matatu. La kwanza, pawepo na sharia ambayo pande zote mbili ziliikubali kabla ya kuanza. La pili, kinachoachwa kiwe ni mali ya anayekiacha, kama vile tuzo, cheo au fahari yake, kisiwe haki ya watu wengine. La tatu, mshindi awe ni mtu anayeachia anapoambiwa "basi". Yakikosekana hayo, mtu anaweza kunyoosha mikono ili aokoe roho yake, wala hakuna wa kumlaumu, lakini hilo tuliite jina lake, nalo ni kulazimishwa.

Utamaduni wetu wa Unguja unayo mafunzo yake katika jambo hili. Si mbali na Bwejuu, huko Makunduchi, kila mwaka ifikapo Julai husherehekewa Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili hukutana uwanjani na kupigana kwa mashina ya migomba, huku kina mama waliovaa nguo zao nzuri wakiimba. Mgeni huogopa akiona pigo zinavyoanguka. Lakini mwisho hapatangazwi mshindi wala mshindwa. Kibanda cha makuti huchomwa moto, kisha watu hula pamoja. Inaaminika kuwa kwa mapigano hayo watu huyatoa machungu ya mwaka uliopita ili wasiuingie nayo mwaka mpya. Hiyo ni "yaishe" ya mji mzima. Watu wazima hao wamejua kwamba ziko hasira ambazo haziwezi kuamuliwa ni nani aliyepata na nani aliyekosa, na dawa yake ni kuzipa uwanja, kuzipa muda, na kuzipa mwisho.

Katika siasa pia tumewahi kuona mfano. Baada ya maridhiano yaliyoanza mwaka 2009 na kura ya maoni ya Julai 31, 2010, Zanzibar ilifanya uchaguzi mkuu ambapo Dk. Ali Mohamed Shein alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.1, na Maalim Seif Sharif Hamad akapata asilimia 49.1. Kwa tofauti ndogo kama hiyo, neno moja la hasira lingeweza kuwatoa watu majumbani. Maalim Seif aliyakubali matokeo hadharani, na baadaye akaingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hatusemi kwamba yote yaliyofuata katika miaka ya baadaye yalikuwa mepesi. Tunasema tu kwamba usiku ule watu walilala. Na tukumbuke kwamba kukubali kule kuliwezekana kwa sababu aliyeshindwa alijua kuwa hatatupwa nje. Pale ambapo mshindi huchukua vyote, mshindwa hana sababu ya kupiga mchanga.

Lakini mfano ulio mzuri zaidi hauko uwanjani wala serikalini. Uko katika mchezo wa watoto. Nani kati yetu hakukaa usiku na bibi yake akisikia, "Kitendawili!" naye akajibu, "Tega!"? Bibi husema, "Nyumba yangu haina mlango." Watoto hujaribu hili na lile. Wakishindwa, bibi husema, "Nipeni mji." Nao humpa mji, pengine Makunduchi, pengine Mkokotoni. Bibi huupokea, husimulia jinsi alivyofika huko, akala, akanywa, akastareheshwa, kisha ndipo hutoa jawabu, "Yai."

Tuutafakari mchezo huu. Mtoto anayeshindwa haambiwi mjinga, huambiwa atoe mji. Kumbe asiyejua naye alikuwa tajiri, ana miji ya kutoa! Na anapoutoa hatoki mikono mitupu, kwa kuwa hupata elimu aliyokuwa hana. Asiyetoa mji hupata hasara moja tu, lakini ni hasara kubwa: halijui jawabu. Wazee waliobuni mchezo huu walijua kuwa kukiri "sijui" ndiyo bei ya kujua, wakaifanya bei hiyo ilipwe kwa kicheko, si kwa machozi.

Hapa inatupasa tuseme neno juu yetu wenyewe, maana si haki kuwahubiria wengine. Katika miaka ya 1990, tulipokuwa vijana na ndiyo kwanza tumeanza kuandika mashairi, tulitunga shairi la kuisifu nchi. Mwenzetu mmoja, mshairi aliyetutangulia kwa umri, alitwambia kwa upole kwamba mishororo yetu ilizidi mizani, kwa kuwa neno "nchi" tumelihesabu kuwa ni mizani moja, nalo ni mizani mbili. Alitueleza kwamba katika "mbuzi" sauti ya "m" huungana na ile inayoifuata, lakini katika "nchi" ile "n" husimama peke yake na ndiyo inayobeba mkazo. Tulijua pale pale kuwa amesema kweli. Tuliporudia kuutamka mstari tuliusikia ukichechemea. Lakini watu walikuwapo, na baadhi yao walikwisha kuanza kutabasamu. Basi tukamjibu kwa beti za kejeli, tukamwita mhesabu wa silabi asiyejua mapenzi ya nchi. Watu wakacheka, tukaondoka tukijiona washindi.

Ndugu yule hakujibu. Tulikutana naye mara nyingi baada ya hapo, misikitini na misibani, akatusalimu kama kawaida, na kila mara tulinuia kumwambia, na kila mara tuliona siku haijafika. Shairi tulilirekebisha kimyakimya, tukalitumia sahihisho lake bila ya kulitaja jina lake. Kisha akafariki. Wahenga wamesema kuwa muungwana akivuliwa nguo huchutama. Sisi tulivuliwa tukabaki tumesimama, na hiyo tukaiita fahari.

Tumejiuliza mara nyingi, ni kitu gani kilichotuzuia? Hakikuwa woga wa mwenzetu yule, kwani yeye alikuwa tayari kuachia. Kilikuwa ni woga wa vile vicheko. Na tunaamini kuwa ndicho kinachowazuia wengi. Karani huficha kosa la hesabu kwa kuogopa kusimangwa na mkubwa wake, na kosa dogo likawa hasara kubwa. Mwanafunzi huitikia "ndiyo, nimefahamu", ilhali hakufahamu, kwa sababu juzi mwenzake aliyesema "sijui" alizomewa na darasa zima. Tunawalaumu hao kwa kukosa ujasiri, nasi tumesahau kujiuliza kama sisi tuliobaki ni watu wanaoachia mkono wanapoambiwa "basi".

Basi, ndugu walimu, kama mnataka wanafunzi wakweli, lifanyeni neno "sijui" liwe salama midomoni mwao. Anayezomea na akatazwe kabla ya aliyekosa kusahihishwa. Na mwalimu mwenyewe akikosolewa na mwanafunzi, naye mwanafunzi akawa amepata, na aseme mbele ya darasa, "Umepata, nimekosa." Heshima yake haitapungua hata chembe, na darasa litakuwa limejifunza somo ambalo halimo katika kitabu chochote. Nanyi vijana, mkishinda achieni upesi, na mkishindwa semeni upesi, kwa kuwa neno hili likicheleweshwa huzidi uzito kila siku, hadi siku ambayo anayestahili kuambiwa hayupo tena.

Sisi tulichelewa. Hata hivyo, mji tuliokuwa tukidaiwa bado tunao, na ingawa mwenye kuupokea ametangulia mbele ya haki, tunautoa leo mbele ya wasomaji. Neno "nchi" ni mizani mbili. Yeye alipata, sisi tulikosa. Tunampa Bwejuu.